Kuacha dawa si tawakkul



Hapa Soweto, Mbeya, ninapofundisha elimu ya dini, swali hili hunijia mara kwa mara: "Ustaadh, nimesomewa dua, na kipimo kinasema virusi havionekani. Niache dawa?" Jibu ni hapana, na sababu yake ni hii.

Virusi vya UKIMWI (VVU) haviwezi kuzaliana nje ya seli hai. Kirusi hujishikiza kwenye seli ya CD4, ambayo ni askari wa mwili. Utando wake huungana na utando wa seli, kisha humwaga ndani vinasaba vyake, yaani RNA. Humo RNA hugeuzwa kuwa DNA na kupachikwa katika vinasaba vya seli yenyewe. Dawa ya dolutegravir huzuia upachikaji huo, lakini haing'oi kilichokwisha kupachikwa. Kwa hiyo virusi visivyoonekana bado vimejificha. Ukiacha dawa hurudi, mara nyingi ndani ya wiki chache.

Utafiti wa kitaifa wa 2016-2017 ulikuta VVU kwa asilimia 11.3 ya watu wazima Iringa na 9.3 Mbeya. Hao ni jamaa zetu, tunaswali nao safu moja.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Allah. Dua ni ibada, dawa ni sababu, havigombani. Anayekuambia uache vidonge kwa kuwa amekusomea, anakufungulia ngamia.

Maimamu wetu, lisemeni hili mimbarini.

Wallahu a'lam.