Bildi Ikipingana na Ramani

Tarehe 8 Januari 2005, nyambizi ya Marekani USS San Francisco ilikuwa njiani kutoka Guam kwenda Brisbane, Australia. Ikiwa zaidi ya mita 150 chini ya maji, tena kwa kasi kubwa, iligonga mlima ulio chini ya bahari. Baharia mmoja alifariki na wenzake 98 wakaumia. Ramani iliyotumika haikuonyesha mlima wowote mahali hapo.

Tungeweza kuilaumu ramani, yakaisha. Lakini uchunguzi wa jeshi la majini ulibaini kwamba dalili zilikuwapo. Ramani nyingine zilizokuwamo humo humo chomboni zilionyesha hatari karibu na njia ile, ila alama hizo hazikuhamishiwa kwenye ramani ya safari. Zaidi ya hayo, kipimo cha kina, yaani bildi, kilionyesha kina kidogo kuliko kilichoandikwa ramanini. Hilo pekee lilitosha kuwashtua mabaharia, lakini mwendo haukupunguzwa.

Tusiwacheke. Mimi na wewe, tukiwa na ramani nzuri mbele yetu na safari ya kuwahi, huenda nasi tungesema kipimo ndicho kibovu.

Funzo hili linawahusu hasa wanaounda vyombo vya chini ya maji visivyo na watu. Mawimbi ya GPS hayafiki kilindini. Chombo hukadiria kilipo kwa kuhesabu mwendo wake, na kosa dogo huzidi kukua kadiri saa zinavyopita. Ili kulisahihisha, chombo hupima kina kila kinapopita, kisha programu hutafuta ramanini mahali penye mabonde na vilima vya namna hiyo, kama mtu anayepapasa kuta za nyumba yake gizani. Njia hii ni nzuri, lakini mpaka sasa ni takriban robo tu ya sakafu ya bahari duniani iliyopimwa moja kwa moja kwa vifaa vya kisasa. Kwingineko ramani ni makadirio, na mlima mzima unaweza kukosekana.

Kwa hiyo, ndugu zangu, programu nayo ifundishwe kuishuku ramani. Vipimo vikianza kupingana nayo, chombo kipunguze mwendo, kipande juu, kipime tena. Ni kweli kwamba hata kipimo hukosea. Lakini ukiishuku ramani ikiwa sahihi, umepoteza dakika chache. Ukikipuuza kipimo nacho kilisema kweli, huenda usipate nafasi ya kupima tena.