Imepotea au imeibiwa?

Dada wa dirishani aliniuliza swali moja tu la maana: imepotea au imeibiwa? Nikajibu imepotea. Jibu lilikuwa la kweli, na nimekuwa nikigombana nalo tangu Februari.

Kilichopotea ni pasi yangu ya mwaka ya bustani ya michezo, mojawapo ya zile bustani kubwa za Florida zenye treni za kupindua watu kichwa chini, foleni za saa nzima, na soda ya bei ya chakula cha mchana. (Si ile ya Disney yenye kijiji kiitwacho Harambe na safari iitwayo Kilimanjaro. Huko sijafika, ingawa kila anayesikia natoka Tanga huniuliza.) Niliinunua Septemba, mwanzoni mwa shahada yangu ya uzamili, kwa malipo ya kila mwezi, kwa sababu wenzangu darasani walinunua na hesabu ilionyesha kwamba ukienda mara tatu pesa yako imerudi. Nilienda mara tatu. Kisha tasnifu ikanishika, na kadi ikalala kwenye droo pamoja na betri zilizokwisha.

Ghorofa ya chini anaishi dada mmoja Mkongo, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa Marekani. Anasafisha vyumba hotelini na Jumatatu ndiyo siku yake ya kupumzika. Mwanawe ana miaka mitano, na alikuwa na pasi yake mwenyewe, ya bure, iliyotolewa kwa watoto ambao hawajaanza shule. Mtoto ana haki ya kuingia, mama yake hana, na mtoto wa umri huo haruhusiwi kuingia peke yake. Januari nikashuka na kadi yangu. Azima tu dada, nikamwambia, mimi siitumii.

Masharti yalikataza, na nilijua. Bustani nyingine huchukua alama ya kidole getini, lakini hii ilimtegemea kijana wa getini na macho yake. Hatufanani hata kidogo: mimi mrefu, nina mwanya, yeye mfupi mwenye uso wa mviringo. Kijana alipitisha kadi, akatazama picha, akamtakia siku njema. Jioni ile tulicheka sana jikoni kwake, mtoto naye akicheka bila kujua tunachochekea. Baadaye niliona kicheko kile kilikuwa na mwiba ndani yake. Tulipita kwa sababu machoni pa yule kijana sisi wawili tulikuwa mtu mmoja.

Mwisho wa Januari alipanda ngazi, akasimama mlangoni bila kuketi, akaniambia kadi haionekani. Ametafuta kwenye basi, mifukoni, chini ya godoro. Alitaka kulipa. Nikamwambia aache, ni plastiki tu. Wiki mbili baadaye wenzangu wakapanga kwenda Jumamosi, nami nikajipanga kwenye dirisha la huduma kwa wageni na pasipoti yangu mkononi. Imepotea au imeibiwa? Imepotea. Dakika tano, kadi mpya ikatoka ingali na joto la mashine. "Ile ya zamani sasa haifanyi kazi tena," dada yule aliniambia kwa uchangamfu, kama anayenipa habari njema. Nikashukuru.

Kiswahili chetu kinatofautisha kukopa na kuazima. Ukikopa sukari unarudisha sukari nyingine. Ukiazima sufuria unarudisha sufuria ileile. Nilipokuwa nikingoja kadi ile itoke, nilijiuliza mimi nilikuwa nimeazimisha nini. Katika Disneyland ya California, iliyofunguliwa mwaka 1955, kwa miaka mingi, mpaka 1982, wageni walinunua vijitabu vya tiketi zenye herufi, A kwa michezo midogo na, tangu 1959, E kwa ile mikubwa. Tiketi zilizobaki ulirudi nazo nyumbani, na mwaka uliofuata ungeweza kumpa mpwa wako. Tiketi ya namna ile ni kama noti: aliyeishika ndiye mwenyewe, na ikidondoka imekwenda. Pasi yenye jina ni kitu kingine kabisa. Haki haimo kwenye plastiki; imo kwenye kompyuta za kampuni, kando ya jina langu na sura yangu. Ndiyo sababu inaweza kurudishwa baada ya kupotea, na sababu hiyohiyo inanizuia kumpa mwingine. Siwezi kupata moja bila nyingine. Kwa hiyo dada wa chini hakuwahi kushika haki yangu. Alishika plastiki ambayo kwa mwezi mmoja ilikubali kudanganya kwa niaba yetu.

Nilifurahia wazo hilo kiasi cha kulipeleka semina. Tulikuwa tukisoma insha ya Kant ya 1797 kuhusu uongo, ile ya muuaji anayegonga mlango na kuuliza kama rafiki yako yumo ndani, ambapo Kant anashikilia kwamba hata huyo hupaswi kumwambia uongo. Nikawasimulia mkasa wangu wa dirishani, tukaubishania saa nzima. Wengine walisema nimedanganya, maana kwa kutamka "imepotea" nilimfanya mfanyakazi aamini kwamba imepotea mikononi mwangu. Wengine wakanitetea kwa mfano uliomo katika mihadhara ya Kant mwenyewe: mtu anaweza kufunga mizigo yake ili watu wadhani anasafiri, na asiwe amesema uongo. Nilitoka darasani nimechangamka. Nilijiona mtu mwenye dhamiri nyepesi, anayehesabu hata neno moja aliloiambia kampuni kubwa.

Jumatatu iliyofuata, saa nane mchana, nilimkuta dada amekaa kwenye ngazi za jengo letu, mtoto amelala mapajani pake na kofia kichwani.

Alikuwa ameipata ile kadi Jumapili usiku, ndani ya bitana ya koti la mtoto. Alifurahi. Alipanga kwenda mara moja zaidi, kisha anirudishie jioni pamoja na sambusa. Wakapanda mabasi mawili. Getini mtoto alitangulia, kadi yake ikaita, akapita. Ya mama ikawasha taa nyekundu. Mara ya pili, nyekundu. Akaja msimamizi, akaangalia picha, akamwangalia yeye, safari hii kwa makini, akauliza kama huyu ndiye wewe. Akasema ni ya mdogo wangu. Kadi ikachukuliwa. Muda wote huo mtoto alikuwa upande wa pili wa vyuma, ameshaingia, anamwita mama yake.

Sikuwa na la kusema, nikasema niliibadilisha, nilidhani imepotea.

"Ungeniambia tu, mudogo wangu," alisema. Hakupandisha sauti. Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwa nimemuuliza: kwamba kambini, siku ya mgao, kadi yako ikikataliwa mbele ya watu, unachukua mtoto unakaa pembeni, usilie, maana ukilia watadhani umeiba.

Najua utetezi wangu, nimeuandika na kuufuta mara kadhaa. Naye angeniambia kwamba ameipata. Angenipigia simu Jumapili ileile. Ni kweli, na sitaki kumgeuza malaika ili mimi nionekane mbaya vizuri. Lakini utetezi huo unasahau kitu kimoja. Yeye hakujua kwamba kadi inaweza kufa kwa mbali, ikiwa mfukoni mwa koti. Kwa alivyojua, kadi ni kama sufuria: ikionekana, imeonekana. Mimi ndiye niliyeambiwa kwamba ile ya zamani haifanyi kazi tena. Habari hiyo ilikuwa yake zaidi kuliko yangu, nami niliipokea, nikashukuru, nikaenda kupanda treni.

Saa nzima semina ilipima uhusiano kati yangu na dirisha. Watu kumi na wawili, na Kant wa kumi na tatu, na hakuna aliyeuliza yule niliyemwazima yuko wapi. Katika insha ile wako watatu: mgonga mlango, mwenye nyumba, na rafiki aliyejificha ndani. Wanaompinga Kant wamekuwa wakimlaumu kwa kumsahau huyo wa tatu. Nilikuwa nimeshika kalamu ya kijani, nimepigia mstari lawama hiyo.

Nilijitolea kumnunulia tiketi ya siku moja. Akasema acha tu, wiki hizi ana zamu za ziada. Sambusa alizileta kama alivyopanga, nane, zimefungwa kwenye gazeti. Tunaamkiana kama kawaida. Mtoto ananiuliza nikipita kama ile kadi imepona.

Kadi yangu mpya imo kwenye droo na inaisha Septemba. Ya mtoto inaisha Agosti, akianza shule. Nimeangalia bei ya tiketi ya mtu mzima mara mbili wiki hii, na Jumatatu ijayo sina kipindi.