Kazi ya Ofisini na Kazi ya Nyumbani



Maradhi ya Korona yalipoenea mwaka 2020, makampuni ya kompyuta ya Marekani yaliwaruhusu watu wao kufanyia kazi majumbani. Twitter ilitangaza mwezi wa Mei mwaka huo ya kuwa atakaye na afanye hivyo daima. Daima hiyo haikutimiza miaka mitatu: Novemba 2022, baada ya Elon Musk kuinunua, ruhusa iliondolewa. Amazon nayo iliwataka watu wake wa ofisini warudi siku tano za juma kuanzia tarehe 2 Januari 2025, na manung'uniko yakawa mengi.

Huenda msomaji akauliza, yatuhusu nini haya sisi watu wa Pwani? Yatuhusu. Tangu nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, wako vijana wetu walioajiriwa na watu wasiopata kuonana nao uso kwa uso, na majirani huwaita wavivu kwa kuwa hawaonekani wakitoka asubuhi.

Basi tutazame Sharia yasemaje. Mafakihi wamemgawanya mwajiriwa mafungu mawili. Wa kwanza ni aliyeuza wakati wake kwa mtu mmoja. Huyo hustahili ujira kwa kujitoa muda wote waliopatana, hata asipopewa la kufanya. Wa pili ni auzaye kazi yenyewe, kama mshoni: akiishona kanzu yako usiku au mchana, barazani au chumbani, huna neno naye maadamu imekuja sawa. Ugomvi mwingi tuusikiao watokana na kuyachanganya mafungu haya. Mwajiri amepatana na mtu kwa kazi, kisha ataka kuzimiliki saa zake. Na mwajiriwa ameuza saa nane, kisha asema kazi amekwisha kuimaliza kwa saa tatu, akaenda zake sokoni.

Katika Suratul-Qasas twasoma habari ya Nabii Musa alipoajiriwa Madyan. Binti alimsifu mbele ya babake kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu. Mzee akaweka muda wazi, miaka minane, na kumi ikiwa Musa mwenyewe atapenda, na akaeleza ya kuwa hataki kumtia mashakani. Wafasiri wasema kazi yenyewe ilikuwa ni kuchunga. Na mchungaji hushinda malishoni, mbali na jicho la mwenye mali. Kama kazi isingesihi ila mbele ya macho ya bwana, uchungaji usingepata kuwa kazi ya Manabii.

Wala si kweli ya kuwa nyumba humharibu kila mfanyakazi. Utafiti wa Nicholas Bloom na wenzake, uliotolewa mwaka 2024, ulitazama watu 1,612 wa kampuni ya Trip.com huko China. Waliokaa nyumbani siku mbili kwa juma, kazi yao haikushuka, na walioacha kazi walipungua kwa thuluthi moja.

Lakini khiyana ipo. Mwaka huo huo benki ya Wells Fargo iliwafukuza watu zaidi ya kumi kwa tuhuma ya kuigiza mgongo wa kazi, kompyuta ionekane yatumika na hali haitumiki. Mwenye kupokea mshahara kamili na kutoa saa pungufu na aisome Suratul-Mutaffifin. Na asicheke aliye ofisini: koti lililotundikwa kitini tangu asubuhi, na mwenyewe yuko mkahawani, lina tofauti gani na hayo?

Ama mwajiri, ikiwa pahala pa kazi pametajwa katika mkataba, hana haki ya kupageuza peke yake kabla ya muda kwisha. Ikiwa ilikuwa ruhusa tu, aweza kuiondoa. Lakini aliyehamisha watoto wake kwa kuitegemea ruhusa hiyo apewe nafasi ya kutosha, au aachwe aondoke kwa wema. Kwa hivyo, kijana apewapo mkataba, autake uandike pahala, saa, na pia saa ya Sala ya Ijumaa, kabla hajatia sahihi.

Wallahu aalam.