Kabla ya Wiki ya 37

Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 za mimba huitwa njiti, na mtaani lawama humwangukia mama: alibeba ndoo, alipanda bodaboda, aligombana na mawifi. Wasemao hivyo mara nyingi hawajui kilichotokea ndani. Malaria, kwa mfano, hujificha kwenye kondo la nyuma. Mama hana homa, anakwenda sokoni kama kawaida, huku damu ikimpungua na mtoto akikosa lishe. Ndiyo maana kwenye maeneo yenye malaria, miezi mitatu ya mwanzo ikishapita, kliniki humpa mjamzito dawa ya SP aimeze pale pale mbele ya muuguzi. Wapo wanaoibana shavuni wakaiteme nje. Jamani!

Kuna na mengine yanayomleta mtoto mapema: presha ya kupanda, kaswende, maambukizi ya njia ya mkojo, mapacha, mimba zinazofuatana upesi, sigara. Mengi kati ya hayo hugundulika kwa vipimo vya kawaida, mama akiwahi. Wakati mwingine chanzo hakionekani kabisa, hata hospitali kubwa.

Nawe baba, nauli ya kliniki umeiacha mezani? Na chandarua, jana usiku alilala ndani yake nani?