Uwezo na Nafasi Yake

Spiropirani ni molekuli isiyo na rangi ambayo, ikipigwa na miali ya urujuanimno, yaani mwanga wa mawimbi mafupi usioonekana kwa macho, hukatika kifungo kimoja kati ya kaboni na oksijeni, na nusu zake mbili zilizokingamana zikalala bapa, ikawa ya zambarau. Joto au mwanga wa kawaida huirudisha ilivyokuwa. Katika kimiminika hilo hutokea bila taabu, lakini molekuli hizohizo zikigandamana kuwa fuwele, kwa kawaida hazigeuki hata zikimulikwa, kwa sababu kufunguka kunadai nafasi, nazo zimebanana pande zote. Je, spiropirani iliyobanwa hivyo ina uwezo wa kugeuka rangi, au haina?

Wanafalsafa wa Megara, katika Ugiriki ya kale, wangesema haina, kwani kwao kitu kina uwezo pale tu kinapotenda. Aristotle aliwapinga katika Metafizikia, akionyesha kwamba kwa kauli hiyo aliyeketi hataweza kusimama kamwe. Wanatheolojia wa Kiislamu nao walizozana juu ya swali la jirani: Mu'tazila walishika kwamba uwezo hutangulia tendo, la sivyo kumwamrisha mtu asiloliweza kungekuwa dhuluma, ilhali wafuasi wa al-Ash'ari walisema Mungu huuumba uwezo pamoja na tendo lenyewe. Mzozo huo wa pili kemia haiuamui, maana molekuli haiandikiwi dhambi.

Ule wa kwanza, hata hivyo, unapata mwanga kutoka kwa yabisi zenye vinyweleo, kama MOF-5 iliyotangazwa mwaka 1999 na Omar Yaghi na wenzake, ambamo mafundo ya zinki na oksijeni huunganishwa na viungo vya kaboni, yakiacha vyumba vitupu katikati. Spiropirani ikipenyezwa katika vyumba vipana vya kutosha vya yabisi za aina hii, hugeuka rangi na kurudi, ingawa haikuongezewa atomu hata moja. Basi Wamegara wameshindwa. Lakini ushindi wa Aristotle haujakamilika. Alikiri kwamba uwezo hutenda mradi kizuizi cha nje kisiwepo, ilhali kuta za vyumba hivyo, zikiwa na mgawanyo wa chaji usio sawa, huweza kuivuta molekuli ibaki wazi, pengine hata ijitie rangi bila kumulikwa. Kwa hiyo jibu lake linapungukiwa, kwa sababu ukuta nao unashiriki katika tendo.