Kuiga sura ya programu: mpaka wa halali uko wapi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.).

Ndugu Waislamu, kijana wa Sumbawanga anayetengeneza programu ya simu hujiuliza: je, ni halali kuifananisha na ile ambayo watu wameshaizoea?

Kwanza, jasho la akili ni mali. Baraza la Fiqhi la OIC, lilipokutana Kuwait Desemba 1988, lilipitisha kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 nayo inalinda programu za kompyuta.

Hata hivyo, si kila kufanana ni wizi. Huko Marekani, katika kesi ya Lotus na Borland, mahakama ya rufaa iliamua mwaka 1995 kuwa mpangilio wa menyu ni njia ya kuendeshea programu, hauna hakimiliki. Jembe lolote lina mpini. Hakuna anayeumiliki mpini.

Lakini Muislamu haishii hapo. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa. Alimtaka muuzaji aweke juu kilicholowa watu wakione, akamkana mwenye kughushi. Basi mkulima wa mahindi wa Ufipa akifungua programu yako akidhani ni ya kampuni anayoiamini, akaweka namba ya siri, hapo umeshamghushi, hata kama hujachukua senti yake.

Ewe kijana, jifunze njia za wenzio. Nembo, picha na michoro yao iache, au omba idhini. Jina lako liandike juu, lisomeke.

Wallahu a'alam.