Maji na Moto ni vya Wote

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu wa Marabo, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nyinyi, tumche Allah.

Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Leo moto huo ni pamoja na mafuta yaliyo chini ya Ziwa Albert. Ng'ambo, Uganda, yaligunduliwa mwaka 2006. Januari 2023 kampuni ya CNOOC ilianza kuchimba visima vya Kingfisher: mtambo uko ufukweni, kisima kinapita chini ya ziwa. Kwetu, Serikali ilinadi vitalu 27 vya mafuta Julai 2022, ikaufuta mnada huo Oktoba 2024. Mnada ulifutwa, lakini mafuta bado yako palepale.

Faida hatuikatai. Vijana wetu wanashinda barabarani bila kazi, na mazuti tunainunua kwa bei ya kuumiza. Lakini samaki wa Tchomia na Kasenyi ndio kitoweo cha maskini, na uchafu ukiingia ziwani haujui mpaka. Huko Marekani hupasua miamba kwa kusukuma maji, mchanga na dawa chini kwa nguvu. Gesi ilipatikana kwa wingi, bei ikashuka. Lakini huko Dimock, Pennsylvania, mwaka 2009 gesi ilikutwa ndani ya maji ya kunywa. Waliopata faida ni wengine, waliokosa maji ni wengine. Huo si ushirika.

Tusisahau pia kwamba mwaka 2007 damu ilimwagika katika ziwa hili kwa ugomvi wa mafuta na mpaka. Ituri imezika watu wa kutosha.

Basi tufanye nini? Kwanza, mtu asitie sahihi karatasi asiyoielewa, hata akipewa pesa. Pili, wazee wetu waulize mapema: maji yatapimwa kabla ya kuchimba? Yakiharibika, nani atalipa? Tatu, tuanze na sisi wenyewe. Anayemwaga oili chafu ya pikipiki mtoni atamlaumuje mwenye kampuni?

Ee Allah, tupe riziki ya halali isiyomdhuru jirani, utulindie maji yetu, uipe Ituri amani. Amin.